Kifungo cha empedansi: rangi ya sauti ao hesabu ya kugawa?



Siku hizi karibu kila mtaa unakuta chumba kimoja chenye godoro ukutani, ordinateri moja na mikro moja. Vijana wanarekodi nyimbo, mahubiri, matangazo. Sisi wa kilimo tunarekodi vipindi vya wakulima kwa ajili ya radio. Ni jambo zuri. Lakini pamoja na ile kazi kumeingia maneno ambayo naona inafaa tuyapime, maneno ya "empedansi". Mtu anakwambia preampli fulani iko na kifungo cha empedansi, ukikizungusha mikro yako ya kawaida inageuka mikro ingine: sauti inapata joto, inapata mwili, inakuwa sawa vile ya sahani za zamani. Alafu anakuonyesha kwa video. Klik, sauti ya kwanza. Klik, sauti ya pili. Unasikia tofauti kwa masikio yako mwenyewe. Unaanza kuhesabu feza.

Sitaki kusema ni uongo mtupu, juu sio uongo. Kile kifungo ni cha kweli. Lakini vile kinaonyeshwa njo kunadanganya. Sehemu kubwa ya ile tofauti unayosikia ni sauti imepanda ao imeshuka, si rangi imebadilika. Na kule empedansi inaharibu sauti kweli kweli, ku vyombo vyetu vya bei ndogo, hakuna anayepaonyesha. Njo hoja yangu ya leo. Sasa tuifungue pole pole.

1. Tuanze ku labo ya udongo

Wenye walipita ku labo ya udongo wanaijua pH-meta. Elektrodi yake ya kioo inatoa voltaji ndogo, karibu milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, kama joto ni digrii 25. Ile voltaji ni ya kweli, lakini haina nguvu nyuma yake, juu kioo chenyewe kiko na ukinzani mkubwa sana, makumi ao mamia ya mamilioni ya omu.

Bon. Sasa chukua multimeta ya fundi wa umeme, yenye ukinzani wa omu milioni 10, uiunganishe ku ile elektrodi. Tuseme elektrodi iko na omu milioni 100. Voltaji itajigawa kati yao wawili: 10 juu ya 110. Utasoma karibu asilimia 9 ya kile ulipaswa kusoma. Udongo haukubadilika, elektrodi haikufa. Ni kipimo chenyewe kimekunywa kile kilikuja kupima. Njo maana mlango wa pH-meta unatengenezwa na ukinzani mkubwa kupita kiasi, ili usikunywe kitu.

Mikro na preampli ni hadithi ile ile. Mikro inatoa voltaji ndogo na iko na ukinzani wake wa ndani. Preampli inaipokea, nayo iko na ukinzani wake ku mlango. Voltaji inajigawa kati yao. Tunasema "empedansi" badala ya ukinzani peke yake juu sauti ni umeme unaokwenda na kurudi, na kwa umeme wa namna ile ukinzani unaweza kubadilika kufuatana na frekansi. Shika ile sentensi ya mwisho, tutairudilia, juu ndani yake njo kunajificha kile kidogo cha kweli mu madai ya wauzaji.

2. Hesabu ya mikro moja tunayoijua wote

Tuchukue Shure SM58, mikro ya waimbaji ambayo nakala zake za bandia zimejaa masoko yote. Karatasi ya kiwanda inaiandika omu 150, lakini ile ni daraja ya kuandikia tu. Empedansi yake halisi ni omu 300. Tuiunganishe ku Focusrite ISA One, preampli inayosifiwa sana juu ya kifungo kile. Iko na nafasi nne: omu 600, omu 1400, omu 2400 na omu 6800.

Hesabu ni ya kugawa tu, mtoto wa sekondari anaiweza. Ku omu 6800, mikro inapoteza karibu desibeli 0,4. Ku 2400, inapoteza desibeli 1. Ku 1400, desibeli 1,7. Ku 600, desibeli 3,5. Donc kutoka nafasi ya juu mpaka ya chini, sauti yote imeshuka kwa zaidi ya desibeli 3, mbele hata hatujagusa neno "rangi".

Desibeli 3 ni nyingi ao kidogo? Kwa mtu anayelinganisha sauti mbili, ni nyingi kabisa. Na sikio letu liko na tabia moja ambayo wauzaji wa redio na vipaza sauti wanaijua tangu zamani: sauti yenye nguvu zaidi kidogo tunaiona nzuri zaidi, hata kama ni ile ile. Tena mwaka 1933, Fletcher na Munson, kule Marekani, walionyesha kama sikio halisikii frekansi zote sawasawa, na ile tofauti inabadilika kufuatana na nguvu ya sauti. Ukiishusha sauti, bezi njo ya kwanza kupotea masikioni. Ukiipandisha, bezi inarudi. Maana yake: unazungusha kifungo, nguvu inapanda, na sikio lako linakuambia "kumbe sasa iko na mwili". Hakuna mwili uliongezeka. Ni desibeli 3.

3. Esei bila temoini

Hapa njo nakamata zile video kwa koo, kama mwanafunzi wa agronomi.

Ku fakilte yetu, ukileta matokeo ya mbolea mpya bila shamba la kulinganisha, professeur hasomi hata ukurasa wa pili. Mahindi yamepanda, sawa. Lakini pengine mvua ilinyesha zaidi upande ule. Pengine ile parseli ilikuwa ya zizi la ngombe. Bila temoini, bila kurudilia, bila kupanga parseli kwa bahati nasibu, hauna esei. Uko na picha ya mahindi.

Video nyingi za empedansi ni picha ya mahindi. Makosa yake ni matatu. La kwanza, nguvu ya sauti haikusawazishwa. Mtu anazungusha kifungo na anaacha ile nyingine palepale. La pili, mwimbaji anaimba mara ya kwanza, alafu anaimba tena. Hakuna mtu anaimba mara mbili sawasawa. Akisogea ku mikro kwa sentimeta mbili tu, bezi inabadilika kuliko kifungo chochote, juu mikro za namna ile zinaongeza bezi ukizikaribia. La tatu, msikilizaji anasoma ku ekra "600" na "6800" wakati anasikiliza. Macho yamekwisha kumwambia masikio cha kusikia.

Kuna njia ya kufanya esei ya haki, na haiombi feza nyingi. Weka kipaza sauti kimoja mezani, kicheze sauti ya mtu iliyokwisha kurekodiwa. Weka mikro mbele yake, uifunge isitikisike. Rekodi nafasi zote nne za kifungo bila kugusa kitu kingine. Nyuma ya ile, mu ordinateri, sawazisha nguvu ya zile rekodi nne mpaka zilingane. Mpe rafiki azibandike majina A, B, C, D bila kukwambia. Sikiliza, andika, rudilia kesho yake. Kama unaweza kuitambua nafasi ya 600 mara nyingi kuliko bahati, kuna kitu. Kama hauwezi, uko na jibu lako, na feza yako ingali mfukoni.

4. Kile kinabakia nyuma ya kusawazisha

Sasa tuwe wa haki, juu mchambuzi anayeficha ukweli wa upande ule mwingine naye anauza kitu.

Nyuma ya kusawazisha, kuna tofauti inayobakia ku mikro zingine. Kumbuka ile sentensi: empedansi inabadilika kufuatana na frekansi. SM58 ni mikro ya dinamiki. Ndani yake kuna bobini ndogo ya waya iliyoshikamana na ngozi nyembamba, inacheza mbele ya sumaku. Bobini haina omu 300 popote. Kule ngozi inapenda kutikisika yenyewe, empedansi inapanda. Kule juu ku sauti kali, inapanda tena juu ya waya uliozungushwa.

Tutie mfano wa hesabu. Tuseme ku frekansi fulani empedansi inapanda kutoka omu 300 mpaka 600. Ku mlango wa omu 6800, ile frekansi itashuka chini ya zingine kwa desibeli 0,4 tu; hakuna atakayesikia. Ku mlango wa omu 2400, karibu desibeli 1. Ku mlango wa omu 600, desibeli 2,5. Ile inasikilika. Donc ku nafasi ya chini, mikro inapunguziwa kidogo pale ilikuwa inapenda kupiga kelele. Mtu mmoja ataita vile "laini", mwingine ataita "imekufa". Wote wawili wanasema ukweli juu ya kitu kile kile.

Ku mikro ya utepe jambo ni kubwa zaidi. Pale badala ya ngozi na bobini kuna karatasi nyembamba ya alumini inayotikisika kati ya sumaku, na empedansi yake inapanda sana ku bezi. Ukiipa mlango mdogo, bezi inaondoka. Royer R-121, mikro ya utepe inayojulikana sana, iko na omu 300, na kiwanda chenyewe kinaomba mlango wa zaidi ya omu 1500. Kwa mwenye mikro ile, kifungo ni chombo cha kazi kweli.

Lakini mikro za kondensateri, zile zinazoomba umeme wa volti 48, ziko na elektroniki ndani inayosukuma sauti nje. Empedansi yao ni ndogo na inatulia karibu ku frekansi zote. Neumann U 87 Ai iko na omu 200, na kiwanda kinaomba mlango wa omu 1000 kwenda juu. Ukizungusha kifungo kutoka 1400 mpaka 6800, utapata karibu desibeli moja ya nguvu, na rangi karibu ile ile. Na mu vile vyumba vyetu vyenye godoro ukutani, wengi wako na mikro ya kondensateri ya bei ndogo. Njo kusema: wale wanaouziwa hadithi ya kifungo kwa nguvu zaidi njo wale mikro yao inakijali kidogo zaidi.

Tena kuna bei inayolipwa ambayo hakuna anayeitaja. Ku omu 600 umepoteza desibeli 3 za sauti. Itakupasa uziongeze ku preampli, na preampli ikiongeza sauti inaongeza na ule mvumo wake, shhh. Kwa mwimbaji anayelia kwa nguvu si kitu. Kwa mama mkulima anayeongea pole pole juu ya mihogo yake iliyoshikwa na mozaiki, ule mvumo unakaa juu ya maneno yake.

5. Kule empedansi inauma kweli

Bon, sasa kule hakuna anayepiga video.

Vijana wengi wanakamata kile kidude cha piezo, kile kisahani cha shaba kinachopiga kengele mu alarme na vitu vya kuchezea, wanakibandika ku gitare ao ku likembe ili kiwe mikro. Ni akili nzuri kabisa, na bei yake ni karibu bure. Alafu wanakiunganisha ku mlango wa mikro, na sauti inatoka nyembamba sawa vile mukebe wa nyanya. Wanasema: "Piezo ni takataka."

Hapana. Piezo ni kondensateri, na bezi yake inategemea mlango unaoipokea. Kisahani cha kawaida kiko na nanofaradi 20 hivi. Mlango wa mikro wa Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ni omu 3000. Fanya hesabu: kila kitu chini ya hertzi 2600 hivi kinaanza kushuka. Maana yake karibu noti zote za likembe. Bonyeza kifungo "Inst" cha mashine ile ile, na utumie kabulo ya jack: mlango unakuwa omu milioni 1,5, na ule mpaka unashuka mpaka hertzi 5. Bezi yote imerudi. Kifungo kile ulikuwa nacho tayari, haukulipa franka hata moja, na tofauti yake si ya kutafuta kwa masikio ya popo. Mtoto ataisikia.

Mfano wa pili ni mikro za zamani za empedansi kubwa, zenye omu elfu makumi, ambazo zingali zinatembea mu makanisa na mu masoko ya vitu vilivyotumika. Kabulo yenyewe ni kondensateri ndogo, karibu pikofaradi 100 kwa kila metre. Mikro ya omu 50 000 na kabulo ya metre 10, sauti kali inaanza kukatika ku hertzi 3200. Herufi "s" na "f" zinakufa, mahubiri yanakuwa mvumo. Watu wanalaumu spika. SM58 ya omu 300, hata ukiipa kabulo ya metre 100, ule mpaka uko ku hertzi 53 000, kule hakuna binadamu anasikia. Njo sababu dunia yote ilihamia ku mikro za empedansi ndogo. Ni sababu ya kazi, si ya uzuri.

6. Hukumu yangu

ISA One ni preampli nzuri, na sifa zake zingine inastahili. Kifungo chake cha empedansi nacho ni chombo cha haki: kwa mwenye mikro ya utepe kinafaa sana, kwa mwenye dinamiki kinafaa kidogo, kwa mwenye kondensateri karibu hakifai kitu. Kile ninakataa ni kukiuza kama "mikro nne ndani ya moja" kwa kijana atakayetoa mamia ya dola, alafu arekodi mu chumba cha malata kinachopiga mwangwi, mdomo ukiwa metre moja mbali na mikro.

Kuna atakayenijibu: "We agronome, muziki sio hesabu. Angalia Konono N°1." Vizuri, tuwaangalie. Mingiedi Mawangu na kundi lake, kule Kinshasa, walitengeneza mikro za likembe kwa sumaku zilizotolewa ku vipande vya magari ya zamani, na ile sauti ya kukwaruza ilisafiri dunia yote na albamu Congotronics. Hakuna kitabu cha fundi kingewaruhusu. Lakini tazama walifanya nini: walikuwa na shida moja ya kweli, likembe haikusikika mu kelele ya mji. Walitafuta dawa ya shida ile, mkononi mwao, na masikio yao njo yaliamua. Hawakununua kifungo ili wapate shida ya kukitatua.

Njo swali naomba kila mtu ajiulize mbele ya kutoa feza: shida yangu ni gani? Kama sauti ni nyembamba, je, chombo changu kiko ku mlango wake? Kama ina mvumo, je, mdomo uko karibu? Kama inapiga mwangwi, je, chumba kimefunikwa? Nyuma ya majibu yale, kama kungali kitu kinakosekana, basi zungusha kifungo. Lakini sawazisha nguvu kwanza.

Wale wako na studio ao wanafanya kazi ku radio, fanyeni ile esei ya A, B, C, D na mtuletee matokeo huku chini, hata kama yananipinga. Muandike mikro gani, preampli gani, na nafasi gani. Esei yenye temoini naikubali hata ikinishinda.